Kupokea wageni wa likizo kwenye shamba la mifugo Ayalandi: kalenda ya ng'ombe kwanza

Familia nyingi za wafugaji wa Ayalandi zikitaka kufungua nyumba kwa wageni huanza na vitanda, mapazia na rangi za ukuta. Afadhali zianze na kalenda ya zizini. Mgeni atavumilia godoro la wastani. Asichovumilia ni kulipia likizo ya shambani akakuta wenyeji wamekesha usiku wa tatu wakizalisha ng'ombe, hawana hata dakika ya kumkaribisha. Kama umeolewa au umeajiriwa kwenye shamba la namna hii na kazi ya wageni imeangukia mikononi mwako, yafuatayo ndiyo yanayoleta shida kweli.

Ng'ombe wengi wa maziwa huko huzaa Februari na Machi, ili maziwa yaongezeke wakati majani yanaanza kuota. Kondoo wa mabondeni huzaa Machi, wa milimani mara nyingi Aprili. Saileji, yaani majani yanayokatwa mabichi na kuhifadhiwa yawe chakula cha mifugo, ya kwanza hukatwa mwishoni mwa Mei hadi mapema Juni, ya pili Julai au Agosti. Samadi ya maji, yaani kinyesi na mkojo wa ng'ombe, hairuhusiwi kumwagwa mashambani kuanzia Oktoba mosi hadi Januari, tarehe ya kufunguliwa ikitofautiana kwa kanda, kwa hiyo mashimo ya samadi yakishajaa majira ya baridi yote, kila mkulima humwaga siku zilezile za mwanzo na kijiji kizima hunuka. Mwaka wa kwanza pokea wageni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, basi. Msimu wa kondoo kuzaa unavutia wageni sana, hasa wenye watoto, lakini usiufungue mpaka nyumbani kuna mtu mzima mmoja ambaye kazi yake wiki hizo ni wageni tu. Mtu huyohuyo hawezi kumtoa mwanakondoo aliyekwama saa kumi alfajiri kisha akakaanga mayai saa mbili akiwa na uso wa bashasha.

Saileji haina tarehe. Wenye mashine huja pakiwa pakavu, na taarifa unaipata siku mbili kabla, pengine asubuhi ileile. Mwezi Juni giza huingia baada ya saa nne usiku, na matrekta huendelea mpaka usiku wa manane. Andika jambo hili kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi, kwa maneno ya wazi: kuna siku moja au mbili za kelele, hatuwezi kuzitaja mapema. Aliyeambiwa kabla husimama dirishani kuangalia na kupiga picha. Asiyeambiwa huandika malalamiko. Siku hiyo magari ya wageni yatolewe uani kabla mashine hazijafika, kwa sababu dereva wa trela lililojaa haoni gari dogo nyuma ya kona ya banda.

Saa za kufika nazo zifuate ukamuaji. Shamba la kawaida hukamua kama saa moja asubuhi na saa kumi au kumi na moja jioni. Mgeni aingie kati ya saa nane na saa kumi alasiri, au baada ya saa moja usiku. Kifungua kinywa kiwe saa mbili na nusu hadi tatu na nusu. Mtumie mgeni Eircode, yaani msimbo wa posta wa nyumba yako. Ulianza kutumika 2015, una herufi na tarakimu saba, na kila anwani ina wake, jambo lenye maana kubwa mahali ambapo nyumba kumi za barabara moja hazina namba. Ongeza maelezo ya maneno kwa kilomita mbili za mwisho, maana ramani za simu hupenda kumpitisha mtu kwenye vinjia vyenye majani katikati ambavyo gari la kukodi haliwezi kugeuka.

Umeme, maji na choo

Hapa ndipo mashamba mengi hukwama wiki ya kwanza. Nyumba ya kawaida vijijini huunganishwa kwa kVA 12 (kipimo cha nguvu ya umeme), yaani kama ampea 52 kwa volti 230, na mara nyingi mabanda yanatumia laini hiyohiyo. Shawa ya umeme ya kilowati 9 peke yake hula ampea 39. Saa moja asubuhi pampu ya kukamulia inazunguka, tangi la maziwa linapoza, mtu amewasha birika, mgeni anaingia bafuni: umeme unakatika, na ng'ombe wanabaki wamesimama na vikombe vya kukamulia vimeanguka. Wengi humlaumu mgeni. Kosa ni la hesabu. Ama uombe kuongezewa hadi kVA 16, ama uani pawe na laini yake. Njia inayofanya kazi vizuri zaidi kwa maoni yetu ni kuachana na shawa za umeme kabisa na kuweka tangi la maji moto la lita 300, likachemshwa usiku kwa umeme wa bei ya chini. Ukibaki na shawa mbili za umeme, fundi afunge kifaa cha kuzuia zisiwake kwa pamoja.

Tangi hilo lisiwe lile la kuoshea mtambo wa maziwa. Wageni wanne waliorudi wameloa kutoka mlimani humaliza maji moto ndani ya nusu saa, na mtambo uliooshwa kwa maji vuguvugu huonekana kwenye hesabu ya bakteria ya maziwa siku chache baadaye.

Maji ya kisima yanahitaji uangalifu zaidi. Kisima kinachohudumia wageni wanaolipa si kisima cha nyumbani tena. Lazima kisajiliwe na halmashauri ya kaunti, ambayo hukipima. Wenyeji waliokunywa maji hayo tangu utotoni hawaumwi, lakini mtoto wa mgeni ana tumbo jingine. Pima E. coli, bakteria wa kinyesi, angalau mara moja kwa mwaka, na uchague siku chache baada ya mvua kubwa, kwa sababu ndipo uchafu wa malishoni huingia. Taa ya miale ya urujuanimno (UV) huua vijidudu, hata kriptosporidia, kimelea cha kuharisha ambacho klorini haikiwezi, ila kwa masharti mawili: maji yapite kwanza kwenye chujio la mikroni 5, kwani tope hukinga vijidudu dhidi ya mwanga, na taa ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka. Inaendelea kung'aa buluu muda mrefu baada ya nguvu yake kwisha. Hilo ndilo huwapoteza watu.

Tangi la maji taka lilijengwa kwa familia. Kiwango kinachotumiwa huko ni lita 150 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo wageni sita ni lita 900 za ziada kila siku. Linyonywe kabla ya msimu, na weka ndoo yenye kifuniko chooni pamoja na ilani fupi kuhusu vitambaa vya kufutia watoto. Pakiti imeandikwa kwamba vinayeyuka, haviyeyuki.

Mgeni akae wapi, asifike wapi

Gawa shamba sehemu mbili kwa mageti yanayofungwa. Bustani, zizi dogo la wanyama wapole na njia moja ya kutembea, hapo mgeni yuko huru. Uani kwenye mashine, mabanda, shimo la samadi na malisho yenye fahali au ng'ombe wenye ndama, haingii bila mwenyeji. Watu huogopa fahali na kumsahau ng'ombe mama, ilhali aliyezaa jana ndiye anayemkanyaga mtu bila onyo, hasa akimwona mbwa.

Kwa sababu hiyo mbwa wa wageni wasije kabisa. Sababu ya pili haionekani kwa macho: mbwa hubeba kimelea cha neospora, kinyesi chake kikiingia kwenye malisho au saileji, ng'ombe huharibu mimba. Mgeni akiambiwa sababu hiyo huelewa haraka kuliko akiambiwa tu "mbwa hapana".

Samadi ya maji ndiyo inayoua. Chini ya mabanda yenye sakafu ya mianya kuna shimo, na kabla ya kumwagwa samadi hukorogwa. Ikikorogwa hutoa salfidi ya hidrojeni, gesi inayonuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, kisha mtu. Nusu saa ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Kanuni ni hizi: koroga siku yenye upepo tu, fungua milango yote, toa mifugo, na asiingie mtu kwa angalau dakika 30. Ukiwa na wageni ongeza moja: usikoroge mpaka umemwona kila mtoto kwa macho yako, au umewapeleka wote ufukweni na mama zao. Ahadi ya mtoto kwamba hatatoka bustanini haihesabiki.

Trekta nalo. Sheria ya huko hairuhusu mtoto chini ya miaka 7 kupanda, na aliyefikisha umri huo anahitaji kiti chake cha abiria chenye mkanda ndani ya kebini. Baba mgeni atakubembeleza, "mzunguko mmoja tu, apige picha." Mpakie mtoto kwenye trekta lililozimwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwako, picha inatoka ileile.

Kulisha wanakondoo yatima kwa chupa ndiko kunakokumbukwa na watoto kuliko chochote, nako kuna mtego. Mwanakondoo mchanga hunywa kama mililita 250 mara nne kwa siku. Kila familia ikimpa chupa yake kwa huruma, tumbo hujaa gesi na jioni amekufa mbele ya watoto waliompa jina. Changanya maziwa wewe, hesabu chupa, na ukisema zimekwisha ziwe zimekwisha. Baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dawa ya mikono yenye spiriti haiui kriptosporidia, kwa hiyo beseni na bomba viwe pale pale getini, si ndani ya nyumba. Mjamzito asikaribie kondoo wanaozaa, wala nguo na gambuti zilizotoka huko, kwa ajili ya toksoplasma na maradhi mengine yanayoharibu mimba. Uliza swali la ujauzito kwa simu wakati wa kuweka nafasi. Mlangoni ni kuchelewa, na wengine hawapendi kulijibu mbele ya watu.

Kwa upande wa sheria, anayelipa ana haki kamili ya kulindwa chini ya sheria ya mwaka 1995 ya wamiliki wa maeneo, iliyorekebishwa 2023. Si sawa na mpita njia aliyekatiza shambani. Bima ya kilimo haimhusu mpaka uulize na upate jibu kwa maandishi.

Mezani

Ukitoa chakula, jisajili na ofisi ya afya ya HSE, mamlaka ya huduma za afya ya Ayalandi, na uandike vizio 14 (vyakula vinavyoleta mzio) vinavyotambuliwa na sheria. Maziwa ya tangini yasipelekwe mezani bila kuchemshwa, hata mgeni akiomba.

Kifungua kinywa cha huko kimejaa nguruwe: vipande vya nyama ya chumvi, soseji, na ile soseji nyeusi ya damu ambayo pia ina nafaka, hivyo huenda isimfae asiyekula ngano. Ukitarajia Waislamu, tenga kikaango, koleo na ubao wa kukatia. Kufuta kikaango kilekile hakutoshi na watu huuliza. Mayai, uyoga, nyanya na samoni wa moshi hujaza sahani vizuri. Wanaotaka nyama ya halali, agiza mapema kutoka mjini. Magharibi si lazima iwe jiji la Galway, kwani mji mdogo wa Ballyhaunis, kaunti ya Mayo, una kiwanda cha nyama ya halali tangu miaka ya 1970 na msikiti uliojengwa 1987.

Mkate wa magadi ni rahisi na husifiwa kuliko unavyostahili: unga gramu 450, kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea, kimoja cha chumvi, mililita 350 hadi 400 za mtindi mwepesi. Usikande, kusanya tu, kata msalaba juu, oveni nyuzi 230 kwa dakika 15 kisha 200 kwa nusu saa. Ukiuacha mezani dakika 20 kabla ya kuoka, gesi inatoka na unapata jiwe.

Mvua haihitaji maneno mengi. Sehemu za magharibi hupata siku kama 225 za mvua kwa mwaka. Weka gambuti kuanzia namba 24 hadi 46 na chumba chenye joto cha kuanikia nguo.

Gambuti hizo zina kazi nyingine. Mgeni anayetoka Tanzania, Kenya au popote ambapo ugonjwa wa midomo na miguu upo, pengine juzi alikuwa zizini kwa babu yake. Mlipuko wa 2001 ulifika hadi kaunti ya Louth, Ayalandi. Mwambie kabla hajapanda ndege kwamba nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi mizigoni, hata nyama kavu ya zawadi aliyofungiwa na shangazi. Viatu alivyovaa kwenye mifugo aviache kwao. Beseni la dawa getini liwe na brashi na ndoo ya maji kando yake, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya tope: kiatu kisuguliwe kwanza, ndipo kichovywe, na dawa imwagwe ikishachafuka.