Mkuu, Pangani hukuonewa. Ulichelewa kuagiza

Mleta mada, pole kwa yaliyokukuta. Kwa walioingia sasa hivi: ndugu yetu kampeleka mkewe Pangani, mji mdogo wa pwani ya Tanga, wikiendi, wameingia hotelini saa nane mchana, ukutani pameandikwa vyakula chungu nzima, wakaagiza samaki wa nazi, wakasubiri zaidi ya masaa mawili na mwisho wakaondoka na chipsi mayai. Anauliza miji midogo ina faida gani wakati Dar unakula chochote saa yoyote.

Mimi yalinikuta hayo hayo, mji huo huo. Tulifika Ijumaa saa tisa, mimi na mama watoto, mifupa imelegea kwa ile barabara ya vumbi kutoka Muheza. Tukaingia hoteli moja karibu na mto, ya mabenchi na kitambaa cha plastiki mezani. Nikasoma ubaoni, nikaita biriani. Imekwisha. Pilau? Hiyo Jumapili. Kuku? Bado. Binti anayehudumia akanionea huruma: "Kaka, wewe sema roho yako inataka nini, nikutazamie." Nikasema samaki wa kupaka. Akaingia ndani. Baada ya dakika chache namwona mama mpishi mwenyewe anatoka na kikapu, anaelekea diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Nikamuuliza binti mama anakwenda wapi. "Kukutafutia samaki."

Hapo nikanuna kama wewe. Mke wangu ndiye aliyecheka, akaniambia ulitaka anunue jana akuwekee? Na kweli, ile hoteli ilikuwa na friji moja tu, imejaa soda na maji. Samaki asiyeliwa leo ni hasara ya mama. Mchana anapika sufuria moja ya wali na moja ya maharage kwa watu wa kazini na abiria, ikifika saa nane vimekwisha, anazima jiko. Ule ubao unakwambia anachojua kupika. Kilichopo leo unauliza kwa mdomo. Siku ile mama alirudi na kikapu kitupu, tukala chapati na maharage ya nazi yaliyobaki chini ya sufuria. Nikiri tu kwamba maharage yale nayakumbuka mpaka leo.

Jumamosi saa moja asubuhi nikarudi pale pale kunywa chai ya tangawizi na vitumbua. Safari hii nikaenda uani kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mmelalaje?" Nikamuuliza kumetoka nini leo, nikataja pweza. Akanitazama kama mtu aliyeuliza embe msimu wa kusi. "Maji mafu haya, pweza utampata wapi? Njoo bamvua."

Hili watu wa bara hatufundishwi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari inakupwa sana, miamba inabaki wazi na wavuvi wanatembea kwa miguu wakichokoa pweza mashimoni. Ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayakauki hivyo, pweza anakuwa adimu. Tena pwani ile wakati wa bamvua maji hukupwa saa nne, saa tano za asubuhi, kwa hiyo pweza anafika mjini adhuhuri, na bado apigwe na achemshwe mpaka alainike. Ukimtaka, agiza wa usiku. Ukiletewa pweza laini saa sita mchana, huyo ni pweza wa jana.

Basi tukakubaliana samaki wawili aina ya changu na wali wa nazi, saa saba na nusu, wanaume wakishatoka kuswali. Nikamwachia elfu kumi ya kununulia. Usione aibu kutoa hela mapema. Bila hiyo anakuwa anakukopesha mtaji wake, na wageni wangapi wameagiza wakaenda Ushongo kuogelea wasirudi?

Muda wa kungoja tukazunguka mji: majumba ya zamani yenye milango ya nakshi, boma la Mjerumani, mto ulioanzia huko Kilimanjaro na Meru unavyomwaga maji ya tope baharini. Mwongozaji wetu alitusimulia habari za Abushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani mpaka wakamnyonga hapo hapo Pangani Desemba 1889. Tukavuka na pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, tukarudi. Njaa ikawa ya haki.

Chakula tulikikuta mezani kimefunikwa na kawa. Changu amechanjwa, kachomwa mkaani kwanza na ndimu na kitunguu thomu, halafu kapakwa tui zito lililochemshwa na bizari mpaka limeshika. Wali umepaliwa moto juu, kila punje iko peke yake, na mama kanibakizia ukoko pembeni baada ya kusikia naupenda. Kachumbari ilikuwa na chumvi nyingi, siwezi kudanganya. Na juisi ya ukwaju tamu mno kwangu. Jumla kwa watu wawili elfu kumi na saba, na ile elfu kumi ikiwa ndani yake. Dar, sahani ya namna ile kwenye hoteli yenye upepo wa bahari ni mara tatu, na samaki katoka kwenye barafu.

Mleta mada umesema pia mhudumu alikudanganya aliposema "bado kidogo". Hapo niko upande wako. Wangekwambia mapema kwamba samaki hajanunuliwa, ungeamua mwenyewe. Ila ukisikia "bado kidogo" kwa mara ya pili, nyanyuka uende jikoni utazame kama mkaa umewashwa. Hakuna atakayekufukuza.

Mengine ya haraka. Nenda na noti ndogo, chenji ni tabu. Mwezi wa Ramadhani usitegemee hoteli mchana, lakini jioni utafuturu mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, na mimi ningechagua mwezi huo kuliko mwingine wowote. Upepo wa kusi ukivuma sana, mashua hazitoki mbali, samaki wazuri wanapungua. Na kama unataka menyu iliyochapwa na mvinyo, zipo loji za ufukweni kusini ya mto, bei zake ni za wageni.

Tumesharudi mara mbili tangu hapo, mara ya mwisho tukapanga kwa bamvua, na pweza nilimla usiku kwa taa ya simu maana umeme ulikatika. Jumapili tunaondoka mama akatufungia vitumbua kwenye gazeti, akasema vya kula Dar na watoto. Havikufika Muheza.