Tapeti "zinalia" au "zinagonga"? "Zimekula" au "zimelika"?

Swali: Mimi ni dereva wa bodaboda, Morogoro. Pikipiki yangu ina injini ya muundo wa Honda CG125, na siku hizi ina kelele. Fundi wa kwanza kaniandikia "tapeti zinalia". Wa pili kaandika "injini inagonga". Wa tatu kasema "tapeti zimekula, zikazwe". Je, wote wamesema jambo moja? Na kauli ipi ni sahihi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, hawajasema jambo moja, na tofauti yake inaweza kukutoa fedha nyingi.

Tapeti, kwa ufupi, ni sehemu za injini zinazosukuma vali, yaani vijilango vya kuingiza hewa na mafuta na kutoa moshi. Tuanze na kulia. Hiki ni kitenzi cha jumla: kengele inalia, simu inalia, bawaba ya mlango inalia. Aliyeandika "tapeti zinalia" amesikia sauti na kutaja inakotoka, basi. Hajakwambia sababu. Kugonga kunadai zaidi: lazima kitu kimoja kikipige kingine. Kwa maana hiyo tapeti zinagonga kweli, maana skrubu iliyo kwenye ncha ya roka, mkono mdogo unaoifungua vali, huvuka nafasi ndogo na kuipiga ncha ya vali. Shida ni kwamba "injini inagonga", ikisimama peke yake, gereji nyingi huielewa kuwa habari ya konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki: injini iko njiani kunoki, yaani kufa, ishushwe na kupasuliwa yote. Fundi wako wa pili kama alikusudia tapeti, basi ameandika hukumu kubwa kuliko kosa.

Kwa tapeti mimi hupendelea "zinagongagonga". Kurudufu kitenzi kwa namna hii huonyesha tendo jepesi linalojirudia, na ndivyo sauti yenyewe ilivyo. Ila usiandike "zinagongana". Tapeti haikutani na tapeti mwenzake hata siku moja.

Tanakali sauti nazo zina kazi hapa, tena kubwa, ingawa watu huziona za watoto. Kamshafti, mhimili wenye kamu (nundu zinazofanya vali zifunguke), huzunguka mara moja kranki, mhimili mkuu wa injini, inapozunguka mara mbili. Injini ukiiacha ingurume bila kuivuta, tuseme kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, kila vali hupigwa mara 700, yaani karibu mara 12 kwa sekunde. Hiyo ni ti-ti-ti-ti kavu, nyembamba, inayotoka juu kwenye silinda hedi na kuharakisha sawasawa na injini. Konrodi ni ngo-ngo-ngo nzito, inatoka chini, na huzidi ukiwa na abiria unapanda mlima. Pistoni iliyolegea hupigapiga asubuhi injini ikiwa baridi, ikipata moto hupungua. Ukifika kwa fundi umwigizie sauti kabla hujamtajia jina la kifaa. Utakuwa umempa habari aliyoihitaji, bila kumpeleka kusiko.

Kuna kelele moja wewe unaweza kuifuta kwenye orodha. CG ya asili ina kamshafti chini, inaendeshwa kwa gia, na vali husukumwa na fimbo mbili ndefu. Haina cheni ya taimingi, yaani cheni ya kuzungusha kamshafti. Bajaj Boxer 150 inayo, kwa kuwa kamshafti yake iko juu, na cheni ikilegea huchakacha karibu na mahali pale pale pa tapeti. Kwa hiyo mwenzako wa Boxer akikwambia "yangu ilikuwa cheni", ushauri wake haukuhusu.

Sasa kauli ya fundi wa tatu, ambayo ndiyo yenye mambo. Kitenzi kula kina sura tatu kwenye injini. "Injini inakula oili" maana yake inaimaliza oili. "Kamu imeliwa" ni kauli ya kutendwa. Kuna mlaji, na unaweza kumtaja: imeliwa na kipande kinachoikanyaga. "Kamu imelika" ni kauli ya kutendeka: imepungua kwa msuguano, bila kumtaja mlaji. "Tapeti zimekula" inasikika sana mitaani na sitamkataza mtu kuisema, lakini kwenye maandishi inamfanya aliyeliwa aonekane ndiye mlaji. Andika "zimelika". "Zimechakaa" si kosa, ila ni pana mno. Kiti cha pikipiki nacho kimechakaa.

Halafu uliza: ni nini hasa kimelika? Neno tapeti gereji hulitumia kwa skrubu ya juu inayorekebishwa, na pia kwa kipande cha chini kinachokanyaga kamu na kuinua fimbo. Skrubu ikilegea tu, dakika chache zinatosha. Kipande cha chini kikilika, ukirekebisha leo kelele inarudi baada ya muda mfupi, na oili ya zamani hutoka na vumbi la chuma linalometa. Ngozi ngumu ya juu ikishaondoka, chuma kilichobaki huisha haraka. Ncha ya roka nayo ikichimbika, fila geji, kile kipimo cha bapa jembamba la kupimia nafasi, hukudanganya: bapa lake hukaa juu ya ule ushimo, fundi anasoma kipimo sahihi na ti-ti-ti inaendelea.

Neno linaloniudhi zaidi ni "zikazwe". Kukaza ni kuondoa ulegevu wote, na tapeti haitakiwi hivyo. CG125 hutaka nafasi ya milimita 0.08 kwa vali zote mbili, ikipimwa injini ikiwa baridi na pistoni juu kabisa kwenye mgandamizo, vali zote zimefunga. Ukikaza kweli kama neno linavyosema, kelele inakwisha na unaondoka umefurahi, lakini vali haikai vizuri kwenye kiti chake. Vali hupoa kwa kugusa kiti hicho. Ya ekzosi, ile ya kutoa moshi, isipogusa huungua, nguvu inapotea, na kuiwasha pikipiki kunakuwa kazi. Tapeti zinazosikika kidogo zina usalama kuliko zilizonyamazishwa kwa kukazwa. Tumia "kupima tapeti" au "kurekebisha nafasi ya tapeti".

Kwenye karatasi yako mwombe fundi aandike hivi: "Tapeti zinagongagonga, nafasi ipimwe injini ikiwa baridi, kelele ikirudi, kamu na vipande vinavyoikanyaga vikaguliwe kama vimelika."