Waandishi wa habari na mitandao ya kijamii: usianzie inboksi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini waandishi uliowatumia tangazo la mradi wenu inboksi wamekaa kimya, na kama inafaa ununue orodha ya mawasiliano yao. La pili ni rahisi: usinunue. Waandishi huhama madawati na vyombo kila mara, na orodha ya kuuzwa inawachanganya wa michezo na wa afya kwenye kapu moja. La kwanza ndilo lenye maneno mengi.

Ujumbe wa mtu asiyefahamika huingia kwenye folda ya maombi, si kwenye inboksi yenyewe. Waandishi wengi hawaifungui folda hiyo kwa wiki nzima, na wengine wamefunga kabisa ujumbe wa watu wasiowafuata. Akiufungua anakuta linki na faili kutoka kwa mgeni, yaani sura ileile ya ujumbe wa kitapeli. Hatabonyeza. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla ya inboksi, hadi jina lako likimfikia awe ameshaliona mahali.

Anza na watu 15 hadi 25, wasizidi. Tafuta habari za miezi mitatu iliyopita kuhusu jambo lenu, uandike majina ya walioziandika, ndipo utafute akaunti zao. Usiwatazame mastaa tu. Mwandishi kijana wa dawati, mwandaaji wa kipindi cha redio na mwandishi wa kujitegemea ndio wanaojibu, na baada ya miaka michache baadhi yao watakuwa wahariri. Hakikisha akaunti ni yake kweli. Alama ya bluu ya X (zamani Twitter) haithibitishi kwamba ni yeye tangu Aprili 2023, alama za zamani zilipoondolewa na kubaki za kulipia. Thibitisha kupitia ukurasa wake kwenye tovuti ya chombo chake. Mtandao wa Bluesky unamruhusu mtu atumie anwani ya tovuti kama jina la akaunti, kwa hiyo jina linaloishia na anwani ya gazeti lake ni ushahidi mzuri.

Waweke kwenye orodha ya X, na uifanye ya faragha. Ukimwingiza mtu kwenye orodha ya wazi anapata taarifa, na washindani wako wanaiona orodha nzima bure. Pembeni weka jedwali dogo: jina, dawati, habari zake tatu za mwisho, mtandao anaojibu, na anachokataa. Hicho cha mwisho wengi hukiandika wenyewe kwenye maelezo ya akaunti, kama vile "matangazo kwa barua pepe tu", na bado watu wanawafuata inboksi. Kuhusu mtandao, angalia anakojibu, si aliko na wafuasi wengi. Fungua sehemu ya majibu kwenye akaunti yake. Ukikuta X anatupia linki tu lakini LinkedIn anabishana na wasomaji, basi LinkedIn ndiko aliko.

Sasa akaunti yako. Mwandishi akiliona jina lako ataubonyeza wasifu na kukupa sekunde chache. Anatafuta jina halisi, kazi, jambo unalolijua, na njia ya kukupata. "Mpenda mabadiliko, mtumishi wa jamii" haimsaidii. "Fundi mkuu wa kituo cha kuchakata betri chakavu. Waandishi: simu na barua pepe viko kwenye posti ya juu" inamsaidia. Tumia akaunti ya mtu, si ya nembo, kwa sababu mwandishi anahitaji kunukuu mtu. Kwenye posti uliyoibandika juu weka mambo mawili matatu unayoweza kuyazungumzia kwa takwimu, lugha unazozimudu, na saa unazopatikana.

Baada ya hapo ni kusoma na kuchangia kwa wiki nne hadi sita bila kuomba kitu. Kulaiki hakuhesabiki, na "kazi nzuri" nako hakuhesabiki. Kinachobaki kichwani mwake ni jibu lenye kitu ndani. Tuseme ameandika kuhusu kanuni mpya ya taka za elektroniki. Wewe jibu: "Kifungu cha 4 kinatoa kipindi cha mpito kwa wauzaji wadogo, kwa hiyo maduka mengi hayataguswa mwaka huu. Hii hapa picha ya ukurasa." Mistari miwili na ushahidi. Umempa wazo la habari ya pili bila kujipigia debe. Mara moja au mbili kwa wiki kwa mtu mmoja zinatosha. Ukimjibu kila posti utaonekana unamwinda. Na usiguse picha za watoto wake au harusi ya dada yake hata kama ziko wazi, kwa sababu hapo si kazini.

Akikosea, pima uzito wa kosa. Tarakimu au cheo kilichokosewa, mwandikie pembeni pamoja na chanzo ili arekebishe kwa heshima yake. Kama ni kosa linaloweza kuumiza watu, kwa mfano maelekezo ya hatari ya kuzima moto wa betri, sahihisha hadharani mara moja, kwa adabu na kwa ushahidi. Usimlaumu kwa kichwa cha habari, maana mara nyingi kimeandikwa na mhariri.

Kuna mlango ambao watu wengi wanaupita bila kuuona: waandishi wenyewe hutangaza wanapotafuta vyanzo. Uingereza wamezoea hashtegi ya #journorequest. Huduma ya HARO, iliyoanzishwa na Peter Shankman nchini Marekani mwaka 2008, ilianza kama kundi la Facebook la kuunganisha waandishi na vyanzo. Kwingine utakuta posti tu isemayo "natafuta mtu aliyepitia jambo fulani". Weka arifa kwa watu wako watano muhimu ili uione mapema, kwani baada ya saa mbili tatu nafasi huwa imejaa. Jibu liwe kamili mara moja: wewe ni nani, kwa nini unalijua jambo hilo, sentensi mbili anazoweza kuzinukuu kama zilivyo, namba ya simu, na saa unayopatikana leo hiihii. "Naweza kusaidia, nicheki" inamwongezea kazi. Wala usimtumie jibu lililotungwa na programu ya akili bandia. Majibu ya namna hiyo yamewajaa inboksi, yanafanana yote, na siku hizi wanamchunguza mtaalamu kama yupo kweli kabla ya kumpigia.

Ukifika inboksi, andika maneno yasiyozidi 80, bila kiambatisho na bila linki. Mfano:

"Habari za kazi. Nimesoma makala yako ya Jumanne kuhusu moto wa dampo. Nasimamia kituo cha kuchakata betri. Rekodi zetu za miezi 18 zinaonyesha moto mwingi unaanzia kwenye gari la taka, kabla mzigo haujafika dampo. Naweza kukupa jedwali lenyewe, na dereva mmoja yuko tayari kuhojiwa. Nikutumie kwa barua pepe ipi?"

Tazama kilichomo: habari yake yenyewe, sababu ya kukuamini, jambo jipya linalopingana na alichoandika, ushahidi, mtu wa kuhoji, na swali moja jepesi kujibu. Jina la mradi wenu halimo. Linganisha na ule wa "tunayo furaha kukutaarifu kwamba taasisi yetu imezindua", ambao hauna habari ndani yake. Kuzindua ni furaha yenu. Msomaji wake anataka kujua kimebadilika nini.

Asipojibu, subiri siku tatu za kazi, kisha mkumbushe mara moja tu ukiwa na nyongeza, labda takwimu mpya au picha. Kimya cha pili ni jibu. Usimfuate Instagram, LinkedIn na WhatsApp siku hiyohiyo. Siku kuna tukio kubwa linalorushwa kila mahali, usitume kabisa, isipokuwa una la kusema kuhusu tukio hilohilo.

Mambo mengine huua uhusiano papo hapo. Kutagi waandishi kumi kwenye posti moja ni mojawapo. Kuwatumia ujumbe uleule watu wawili wa chumba kimoja cha habari ni lingine, kwani wanakaa jirani na watagundua. Kuomba kuisoma habari kabla haijatoka pia hakufai. Omba badala yake akusomee nukuu zako au akuhakikishie tarakimu, na wengi watakubali. Usitoe bahasha wala zawadi: vyumba vya habari vyenye miongozo ya maadili vinakataza, na umemwekea doa kazini. Habari ikitoka, isambaze ukitaja alichokigundua. Usiandike hadharani "asante kwa kututangaza", maneno hayo yanamfanya aonekane wakala wenu.

Kuhusu siri, chukulia kila unachomwandikia kinaweza kunukuliwa. Kama unataka usitajwe jina, sema kabla ya kusema jambo lenyewe, na usubiri akubali kwa maandishi. Kudai hivyo baada ya kusema hakumbani. Vivyo hivyo habari ya kushikiliwa hadi saa fulani: akubali kwanza, ndipo utume. Nyaraka nyeti zisipite inboksi ya mtandao wowote wa kijamii, hamieni Signal, programu ya ujumbe uliofungwa kwa siri, na muwashe ujumbe wa kujifuta.

Baada ya miezi mitatu usihesabu wafuasi. Angalia nani amekujibu, nani amekuuliza jambo bila wewe kuanza, nani amekupigia kuhakiki kitu ambacho hakikuhusu hata taasisi yenu. Hao ndio mtaji. Wakikuuliza usichokijua, waelekeze kwa anayejua, hata kama ni mshindani wako, watarudi. Na siku habari mbaya ikiwahusu ninyi, usizime simu. Mwambie saa ngapi utakuwa na jibu, na saa hiyo ikifika umpe ulichonacho, hata kama ni nusu, ukimwonyesha wazi ambacho bado hamjakithibitisha.