Kabla ya kusema mtoto hapendi michezo, hesabu mara anazogusa mpira

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa mama mwenye mtoto wa darasa la tatu. Kila Ijumaa ni siku ya michezo shuleni kwao. Mtoto anaondoka na fulana safi, anarudi na fulana safi. Mwalimu amesema mtoto hana mwamko wa michezo, na mama anauliza amnunulie kitu gani, au ampeleke kwenye mchezo upi, ili mwamko huo uje.

Usinunue kitu kwanza. Nenda ukatazame. Simama pembeni ya uwanja dakika kumi, macho kwa mtoto wako peke yake, mpira uachane nao. Hesabu amegusa mpira mara ngapi na amesimama tu kwa muda gani. Kisha mtazame mtoto mmoja hodari kwa dakika kumi nyingine. Darasa la watoto 40 likipewa mpira mmoja, 22 wanaingia uwanjani na 18 wanakaa chini ya mwembe. Hata kati ya wale 22 wapo wanaomaliza kipindi kizima bila mpira kuwafikia. Mtoto wa namna hiyo hajaukataa mchezo. Hajawahi kuucheza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani hadi kubwa, na angalau siku 3 kwa wiki afanye mambo yanayoimarisha misuli na mifupa. Kwa watoto wenye ulemavu kipimo ni hichohicho. Huhitaji mashine kujua nguvu ya wastani ni ipi: mtoto anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Kutembea haraka kwenda shule kunahesabiwa. Kukaa chini ya mwembe hakuhesabiwi.

Dawa ya kwanza ni kuukata uwanja. Watoto 40 wanatosha viwanja vidogo vitano, wanne kwa wanne, kila kimoja mita 20 kwa 15. Vyote vitano vinaingia kwenye nusu ya uwanja wa kawaida wa shule na nafasi inabaki. Goli ni chupa mbili za maji zilizojazwa mchanga, hatua mbili kati yake, bila golikipa. Golikipa kwenye chandimu ya watoto wadogo ni njia ya kumficha yule asiyetakiwa, basi mwondoe.

Mipira mitano itatoka wapi? Ishonwe. Anza na kiini cha vipande vya godoro kikubwa kama ngumi mbili, kifunge kwa matambara makavu, kiingize ndani ya soksi ndefu, uisokote shingo ya soksi na kuirudisha juu ya mpira mara mbili. Halafu zungusha kamba ya katani au ukanda wa tyubu ya baiskeli, na kila baada ya mizunguko mitatu geuza mpira robo. Wengi wanakosea hapa: wanazungushia upande mmoja tu, mpira unakuwa kama yai na unakimbilia pembeni kila ukipigwa. Kosa la pili ni kubana matambara mengi mno. Mpira ukiwa mzito, ukinyeshewa unakuwa jiwe, na mtoto aliyeumia kidole siku ya kwanza hatarudi siku ya pili. Kwa walio chini ya miaka kumi, mzunguko wa sentimita 55 hadi 60 unatosha.

Kuna mtoto asiyeona vizuri? Vingirisha mpira ndani ya mfuko wa mkate uliokwisha na ufunge kwa nje. Utachakarisha ukibiringika na ataufuata kwa masikio. Ila wenzake wajue kunyamaza mpira unapokwenda kwake. Kwenye gobolu, mchezo wa Paralimpiki wa watu wasioona, mpira una kengele ndani na watazamaji hutakiwa kukaa kimya mchezo unapoendelea. Watoto wa darasa la tatu wanaweza sheria hiyo, mradi uwaeleze sababu yake.

Sasa rede, kwa sababu inachezwa sana na inatupa nje watoto wengi. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa, aliyepigwa anatoka. Tazama mpangilio huo unavyofanya kazi: mtoto mzito, mtoto wa magongo, mtoto mgeni, ndio wanaopigwa mwanzo, kwa hiyo anayehitaji kukimbia zaidi ndiye anayekimbia kidogo kuliko wote. Badilisha sheria moja tu. Aliyepigwa hatoki; warushaji wanapata pointi. Kila kundi likae katikati sekunde 60, kisha wabadilishane. Mpira uwe laini na upigwe chini ya kiuno. Mtoto anayetumia magongo au kiti cha magurudumu mwekee duara la kujikinga lenye upana wa mita 2, ambamo anaruhusiwa kuupangua mpira kwa mkono. Ikiwa hapigwi kabisa, duara ni kubwa mno; lipunguze. Wenzake hawatamheshimu mchezaji ambaye sheria imemfanya asiguswe, naye anajua hivyo kabla yao.

Zipo kazi tatu zinazotolewa kwa sura ya huruma: kutunza mabegi, kuhesabu magoli na kupuliza filimbi. Ukiona mtoto mwenye ulemavu anapewa moja ya hizo kila wiki, ujue ametengwa kwa adabu. Kuzungusha kamba ni kazi halali, maana mzungushaji anatumia mabega na anashika mdundo, lakini apokezane na wengine.

Kamba nayo ina vipimo vyake. Ya mtu mmoja: akanyage katikati kwa mguu mmoja, ncha zimfikie kwapani. Ikizidi hapo inamkwama miguuni, naye anaamini hajui kuruka. Ya kuzungushwa na wawili iwe mita 4 hadi 5, ya katani, kwa kuwa nailoni nyembamba hupeperushwa na upepo. Anayeanza asizungushiwe. Itikiswe chini kama nyoka, avuke. Kisha ibembezwe nusu. Kuzungusha kuje mwisho.

Kwa mbio za mtoto asiyeona, tumia kitambaa laini cha sentimita 30 hivi chenye kitanzi kila upande, mwelekezi ashike kimoja na yeye kingine. Wakubwa wengi humchagua mwelekezi mpole. Mchague mwenye mbio kuliko anayeongozwa. Mwaka 2000 kwenye Paralimpiki ya Sydney, Henry Wanyoike wa Kenya alishinda mita 5000 huku mwelekezi wake ameishiwa nguvu, ikabidi mkimbiaji asiyeona amkokote anayeona hadi mwisho. Katika riadha hiyo mwelekezi haruhusiwi kumvuta mkimbiaji, na mkimbiaji ndiye anayepaswa kutangulia kuvuka mstari. Wafundisheni watoto hivyo tangu mwanzo.

Voliboli ya kukaa ni zawadi kwa shule yenye mchanga, na pwani mchanga hauna bei. Uwanja wa watu wazima ni mita 10 kwa 6, wavu wa wanaume sentimita 115 na wa wanawake 105. Kwa watoto tosheka na mita 5 kwa 4 na kamba iliyofungwa usawa wa mita moja. Wote wakae, siyo mwenye ulemavu pekee, na anayegusa mpira makalio yasiachane na ardhi. Mpira wa kawaida unawapita kasi wanaoanza, kwa hiyo tumieni puto ndani ya soksi nyembamba ya nailoni, na mng'oe mbigili kwanza.

Namna ya kupanga timu inaumiza watoto kuliko kufungwa. Acheni kabisa manahodha wawili kuchagua wenzao mmoja mmoja hadi abaki wa mwisho. Watoto wahesabu moja mpaka tano, namba zinazofanana ziwe timu. Mashindano ya UMITASHUMTA, yale ya shule za msingi Tanzania, yana mahali pake na wenye vipaji wanastahili kufika huko, lakini kipindi cha darasa zima si mchujo.

Mambo ya afya ni machache na hayana mjadala. Mwenye pumu: dawa yake ya kuvuta iwe uwanjani, siyo kwenye kabati la ofisi, na aanze taratibu kwa dakika kumi. Mwenye selimundu: maji kila mara, mapumziko bila kuomba, asiogelee maji ya baridi, maumivu yakianza asimame. Mwenye ualbino: kofia pana, mikono mirefu, kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mpira wa rangi kali kwa sababu wengi wao uoni ni hafifu. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima anayemfikia kwa mkono. Mwenye ugonjwa wa Down asipige samasoti mpaka daktari aikague shingo yake. Kiziwi haisikii filimbi, basi inueni kitambaa chekundu kwa wote, na mwalimu asisimame na jua mgongoni, maana uso wake hautaonekana.

Nyumbani, mpe mtoto vitu vinne vya kuonja vyenye asili tofauti: kimoja cha mpira, kimoja cha mdundo kama ngoma au kamba, kimoja cha peke yake kama baiskeli au kuogelea, kimoja cha nguvu kama kuvuta kamba. Kila kimoja akijaribu mara tatu. Mara ya kwanza anajifunza sheria, ya pili anaona aibu, ya tatu ndiyo inasema kweli. Akirudi usimuulize kama ameshinda. Muulize angependa kipi kirudiwe. Akisema hapendi, tafuta anachokichukia: mchezo, watu, mwalimu, au nguo. Wasichana wengi huacha michezo kwa sababu ya sketi inayopeperuka. Kaptura ya ndani inayofika magotini huwarudisha baadhi yao wiki hiyohiyo.

Mama, Ijumaa ijayo nenda na mipira miwili uliyoishona na umwombe mwalimu robo ya uwanja, watoto wanane, dakika ishirini. Usimwombe ampendelee mwanao. Ijumaa ya tatu simama tena palepale uhesabu kwa dakika kumi zilezile. Mguso ukiongezeka, endeleeni. Usipoongezeka, mkae wawili tu jioni umuulize ni nani anayemtania kuhusu mwili wake, na huyo ndiye wa kwenda kumzungumzia kwa mwalimu.