Kifungo cha shati

Mwanangu,

Sura zako tisa nimezisoma, tena mara mbili. Mara ya pili nilikaa barazani mpaka mbu wakanirudisha ndani. Umeniuliza swali moja tu: msomaji ajue katikati ya kitabu kwamba Daudi ndiye aliyemuua mwenye duka la dawa, au umfiche hadi sura ya mwisho? Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, maji yakikatika Mbezi siku tatu, Daudi anafanya nini?

Siulizi kwa kukupoteza. Katika kurasa zote hizi nimeambiwa kwamba Daudi ni mrefu, ananukia vizuri, ana gari jeusi na sauti nzito. Sijamwona akibeba ndoo. Sijamwona akimsubiri Rehema atoke zamu ya usiku, wala akikumbuka kuwa hali pilipili. Kila unapoandika kwamba Rehema alimpenda kupita kiasi, nakubali kwa sababu wewe ni mwanangu, lakini sijayaona hayo mapenzi. Ndiyo maana siku Rehema alipoikuta ile chupa ya dawa garini sikushtuka. Sikuwa na cha kupoteza. Msomaji haogopi kisu, mwanangu, anamhofia mtu. Nilikwambia hivyo ukiwa kidato cha pili na sijabadilika.

Sisi tuliokua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu kile kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1960, tulizoea mpelelezi aliyekaa pembeni na kiko chake, akili imetulia, msiba wa watu uko mbele yake kama bao. Baadaye akaja Willy Gamba wa Musiba, huyo mbio na bastola, mapenzi anayakuta njiani na safari inaendelea. Nawapenda wote wawili. Lakini njia uliyoishika wewe si yao. Kwako anayechunguza na anayechunguzwa wanakula sahani moja. Rehema akimuuliza Daudi jana usiku alikuwa wapi, hilo ni swali la mke na ni swali la polisi, na wewe unatakiwa uliandike hivyo hivyo, tusijue ni lipi. Halafu kuna wakati. Mapenzi yanataka mchana mrefu usio na kazi. Hatari haina subira. Sura ya nne umewafanya wakumbatiane ukurasa mzima ilhali wanaowafukuza wamefika getini. Pale niliweka karatasi chini nikaenda kuchemsha chai.

Zuhura wa hadithi yangu unamkumbuka. Mmekua mkikanyaga karatasi zake zikitoka kwenye lile sanduku la bati la bibi yenu. Mwaka 1987 gazeti moja la Dar lilikubali kumtoa kila Jumapili. Mchana nafundisha, usiku naandika kwa kibatari nyuma ya karatasi za mitihani iliyopita, Jumatatu alfajiri nampa dereva wa basi bahasha. Mkonge ulikuwa umeanguka. Nchi iliyotoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya sitini ilikuwa haifikishi hata robo yake, na ukipita njia ya Muheza kwenda Korogwe unaona pori limeingia mashambani. Nikajiuliza, je, shamba moja likiandika marobota ambayo hayapo ghalani, nani atakufa kwa ajili ya daftari? Ndipo akazaliwa karani wangu wa mizani. Karani aliyemtangulia alikuwa ameokotwa mtoni Pangani.

Zuhura ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, anampenda karani huyu mpya. Usiku mmoja anamshonea kifungo cha shati. Anapolilaza shati mapajani, mfuko unalia: karatasi. Ni stakabadhi ya mizani, mwandiko wa marehemu, tarehe ya siku aliyokufa. Mwenye shati yuko uani anaoga, anaimba. Uzi uko mdomoni mwa Zuhura. Mimi na uzi ule tulikaa siku nne. Apige kelele? Akimbie kwa kaka yake? Kila nilichoandika kilikuwa cha mtu mwingine. Mwishowe nikamwacha ashone. Akakishona kifungo mpaka mwisho, akazungusha uzi mara tatu chini yake kama fundi anavyofanya, akakata kwa meno, ndipo akaifungua tena karatasi. Sehemu ile niliipa jina "Kifungo", na watu wakalielewa pande zote mbili.

Jumapili ile sokoni muuza dagaa alinishika mkono. "Mwalimu, yule kijana usimfunge, anampenda kweli." Mwenzake wa meza ya pili akadakia: "Anampenda, na amemuua mwenziwe. Yote mawili." Wakabishana mpaka kipimo kikaanguka na dagaa zikamwagika. Mwanangu, sijawahi kulipwa vizuri kuliko siku ile. Hadi leo harufu ya dagaa sokoni inanifurahisha.

Marehemu baba yako hakufurahi. Aliniuliza swali lake la siku zote: "Kwa nini asiende polisi?" Nilimnunia, lakini alikuwa na haki. Nilikaa wiki mbili nikitafuta jibu, na jibu lilikuwa kaka yake Zuhura, ambaye sahihi yake ilikuwa kwenye stakabadhi zile zile, na ndiye aliyekuwa akimlisha mama yao. Mlango wa polisi ulikuwa wazi, ila ndani yake kulikuwa na kaka. Rehema wako haendi polisi kwa sababu "aliogopa". Hiyo haitoshi. Baba yako asingekubali.

Kisha mwisho wangu ukabadilishwa. Mimi niliandika kwamba wanavuka kwenye pantoni ya Pangani, wao wawili, Zuhura amemvalisha karani lile shati na karatasi ameirudisha mfukoni. Katikati ya maji karani anagusa mfuko, anajua. Hawasemi kitu. Ng'ambo, Bweni, askari wawili wamesimama, na aliyewaita ni Zuhura, akijua kwamba na kaka yake atakwenda. Mhariri akaona wasomaji hawatastahimili. Akaandika mwenyewe kwamba karani alikuwa mpelelezi wa siri wa serikali, hakuua mtu, na Jumapili ikaisha kwa harusi. Sikuulizwa. Nilijua mwisho wa hadithi yangu kama mtu mwingine yeyote, kwa kununua gazeti.

Muuza dagaa aliniambia, "Kumbe ulikuwa unatuchezea, Mwalimu." Sikumwambia kwamba kalamu haikuwa yangu. Nililipa dagaa nikaondoka. Amefariki, Mungu amrehemu, bila kujua.

Karani wangu alimpenda Zuhura na alimuua mwenzake. Mhariri aliona lazima moja kati ya hayo liwe uongo. Ukimfanya Daudi mwovu, utatamani wema wake wote uwe ulikuwa mtego, kwa sababu ni rahisi. Usifanye hivyo. Kama alibeba ndoo, basi aliibeba kwa mapenzi, hata kama mikono ni ile ile.

Sasa tuje kwenye swali lako. Mfichue katikati, maana ukificha hadi mwisho msomaji atashtuka dakika moja, ukimfunulia mapema atatetemeka kurasa mia kila Rehema anapopokea kikombe cha chai. Lakini hapana, ngoja. Akijua mapema na Rehema hajui, atamwona Rehema mjinga, na mwanamke mjinga hatumhofii, tunamkasirikia. Basi mfiche. Lakini nami sikumficha karani, nilimtoa kwa kifungo katikati kabisa, Zuhura na wasomaji wakajua usiku mmoja. Labda swali si lini msomaji ajue, ni Rehema akae na alichokijua siku ngapi kabla hajasema. Unaona? Tumerudi kwa Rehema.

Kingine kidogo, lakini kitakuponza. Ile namba ngeni inayomtisha sura tatu. Msichana yeyote wa leo angejifanya anaitumia shilingi elfu moja, jina la mwenye laini likatokea, akaghairi. Na tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inafungiwa. Usiikimbie hali hiyo, itumie. Acha ajaribu, acha jina litokee, na liwe jina la dada yake. Nilipowaza hivyo nilisisimka peke yangu jikoni. Msomaji haogopi namba, anamhofia mtu.

Kuhusu Daudi mwishoni, afungwe, afe au akimbilie ng'ambo, jibu ninalo. Ninalo tangu sura ya sita, na juzi usiku nusura nikupigie simu. Dada yako ananiambia nikutajie tu, utalichukua au utaliacha. Lakini mimi ni mama yako, hutaweza kuliacha.

Karatasi nimezirudisha kwa basi la asubuhi. Sura ya tisa, pembeni ya ukurasa wa mwisho, niliandika mistari miwili kwa penseli, nikaifuta. Penseli yangu huwa naikandamiza. Tafadhali usiiinamishe karatasi kwenye taa.

Mama yako