Miradi ya modi kwenye laptopu ya GB 4: mmoja mekoni, mingine ifunikwe

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inatosha kutengeneza modi (nyongeza inayobadilisha gemu) ya Minecraft, tena ukaongeza ya GTA San Andreas. Haitoshi kuzifungua zote mbili kwa pamoja. Windows 10 peke yake hula karibu GB 2 kabla hujagusa kitu, na kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa hukopa RAM hiyohiyo. Ikijaa, kazi huhamishiwa kwenye diski. Kama ni HDD ya zamani, yaani diski ya kuzunguka, kipanya huganda na taa ya diski haizimi.

Basi mradi mmoja uwe mekoni, mingine ifunikwe. Na kufunika si kufunga dirisha tu. Gradle, inayojenga modi za Minecraft, huacha mchakato wake nyuma kwa saa tatu nzima baada ya kazi, umeshikilia RAM kimya. Andika gradlew --stop ndani ya folda ya mradi kabla ya kuhamia mwingine.

Kisha fungua gradle.properties uangalie mstari wa org.gradle.jvmargs, unaopanga kikomo cha RAM ya Gradle. Fabric na Forge ni mifumo miwili ya kupakia modi za Minecraft. Kiolezo cha Fabric huomba -Xmx1G, yaani GB 1, hiyo inavumilika. Cha Forge kimezoea kuomba -Xmx3G, kwa sababu hatua ya kwanza huufumua msimbo wa gemu zima ili usomeke. Usishushe kabla hatua hiyo haijaisha. Itafia njiani na ujumbe wa OutOfMemoryError. Funga kivinjari na kila kitu kingine, iache imalize hata ikichukua usiku, ndipo ujaribu 1500M.

Hatua hiyo ndiyo pia mla bando. Ukipata waifai ya kuazima, usiishie kwenye gradlew build. Endesha na gradlew runClient, inayofungua gemu lenye modi yako, palepale, maana sauti na faili nyingine za gemu hushuka wakati huo. Nyumbani ongeza --offline, isitafute mtandao. Nafasi ikipungua, futa folda ya build ya mradi uliolala, itajengeka upya. Ile ya .gradle iliyo kwenye folda yako ya mtumiaji usiiguse: humo ndimo mlimo vyote ulivyopakua, na miradi yako yote huchota humo.

Upande wa San Andreas, tatizo ni picha. Picha ya 2048 kwa 2048 isiyobanwa ni MB 16. Ikibanwa kwa DXT1, mbano wa picha za gemu, inakuwa MB 2. Gemu lenyewe la kompyuta ni la biti 32 la mwaka 2005, halina nafasi ya kuchezea. Ukuta wa nyumba unatosha kabisa kwa 1024, na anayesema anaona tofauti kwenye skrini ya inchi 14 mwache aseme.

Halafu kuna pwani yetu. Saa nane mchana Malindi, prosesa iliyopata moto hujipunguzia kasi yenyewe, na ujenzi wa dakika nne unaburuta. Jenga alfajiri, laptopu ikiwa juu ya meza, si kitandani. Lamu, chumba cha ndani cha nyumba ya mawe ni bora kuliko dirisha linalopokea upepo wa kusi, maana upepo huo huja na chumvi. RAM isiposomeka, chomoa betri, toa kadi ya RAM, sugua meno yake kwa ufutio wa penseli, uirudishe.

Git ndiyo programu inayotunza matoleo ya mradi. Umeme ukikatika katikati ya git commit, amri ya kuhifadhi toleo, na betri imekufa, faili ndani ya .git huweza kubaki tupu, na Git itakataa mradi wote. Kwa hiyo tengeneza hifadhi ya pili kwenye flashi kwa git init --bare, na git push kila unapofunika mradi. Picha kubwa ziweke nje ya Git, kwani Git huhifadhi kila toleo la picha. Flashi iumbizwe kwa exFAT. FAT32 haipokei faili la GB 4. Mwisho weka HAPA.txt yenye mistari mitatu: toleo la gemu, toleo la Java (1.20.1 hutaka 17, 1.21 hutaka 21), na kosa la mwisho ulilokuwa ukilitafuta, limenakiliwa jinsi lilivyotokea.