Jibu: Je, springi ndefu na taa za ziada hufuta dhamana yote ya gari?

Salamu, ndugu. Nimekuelewa hivi: uliinua gari kwa springi ndefu na kufunga taa za ziada, sasa giaboksi inavuja mafuta na wakala anasema dhamana yote imefutika.

Anza kwa kuangalia mafuta yanatokea wapi hasa, na upige picha kabla mtu hajapafuta. Yakitoka kwenye sili (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) ya shafti ya gurudumu, wakala ana hoja, kwa sababu gari likiinuliwa shafti hukaa kwa pembe kali zaidi na sili huchakaa mapema. Yakitoka kwenye gasketi ya chini (kizibo cha kati ya giaboksi na kifuniko chake) au bomba la kupozea mafuta, sioni springi zinahusikaje.

Kisha soma kwenye kijitabu cha dhamana sehemu ya mambo yasiyolipiwa, na umwombe wakala akuandikie kwamba kifaa fulani ndicho kilicholeta uharibifu huu, kwa njia hii. Neno la mdomo halitoshi.

Mimi nilikataliwa dhamana ya alternata (kifaa kinachozalisha umeme wa gari), na kwa haki: fundi wangu alikuwa amekata waya wa kiwandani ili afunge taa, akauzungushia utepe, na nilipoubandua nilikuta shaba imeungua na kuwa nyeusi. Hata hivyo, pampu ya maji iliyoharibika mwezi uleule ilibadilishwa bila malipo, maana haikuhusiana na waya ule.

Tafadhali usizifungue springi ili kuficha. Alama za boliti hubaki, na utapoteza uaminifu unaouhitaji sana sasa.